Rangi Nyeupe Ndani ya Ufa

"Usiguse kwa mkono mtupu," Mwalimu alisema, na Inspekta akaurudisha mkono wake mfukoni haraka kama mtoto aliyekanywa jikoni.

Mezani, chini ya taa mbili kali, kililala kiungo cha saba. Vilikuwa vipande viwili vya faiba, kila kimoja kirefu kama mkono wa mtu mzima, na siku tano zilizopita vilikuwa kitu kimoja. Gundi na bolti nne ndizo zilizoviunganisha, navyo vikashikilia ncha ya kidaraja cha ghorofa ya pili, kile cha kutoka jengo la upasuaji kwenda wodini. Siku ya kumi na tisa tangu kizinduliwe, kiungo kilifunguka. Kidaraja kikaning'inia upande mmoja kama mlango uliong'oka bawaba, na mhudumu aliyekuwa akisukuma kitanda kitupu akaenda nacho chini. Alivunjika miguu yote miwili.

Mtu mmoja alikuwa tayari mahabusu: fundi aliyepaka gundi. Hospitali nzima ilimwita Mama Gundi. Jalada lake lilitakiwa mahakamani kesho asubuhi, na Mhandisi wa mradi alikuwa ameshaandika taarifa ya kurasa sita kueleza kwamba gundi ilichanganywa vibaya, haikukauka, ikaachia.

"Haya, Mwalimu," Inspekta alisema. "Ni mbichi?"

Mwalimu, mama mtu mzima, alikuwa amestaafu kufundisha chuoni, lakini mashine zake zilikataa kustaafu naye, kwa hiyo alikuja nazo kwenye maabara hii ndogo nyuma ya soko la vyuma. Alichukua msumari, akaukandamiza kwenye gundi iliyobaki kwenye kipande cha kushoto. Msumari uliteleza.

"Sikia sauti yake. Gundi mbichi inaingia kucha. Hii ingekuvunja jino. Nimeipima mara kumi na mbili, mahali kumi na mbili. Imechanganywa sawasawa na imekauka sawasawa. Aliyeichanganya anajua kazi yake."

"Basi taarifa ya Mhandisi..."

"Ni nzuri ya kufungia vitumbua. Njoo huku."

Kazini walimwita Inspekta jina la Msasa, ingawa si mbele yake. Husugua mpaka mng'ao utokee, walisema, na wakati mwingine mpaka ngozi itoke. Aliinama juu ya kioo cha kukuzia. Mwalimu akamwelekezea tundu la bolti kwa ncha ya kalamu.

"Lina umbo gani?"

"La yai."

"Keekee inatoboa yai?"

"Haitoboi. Inatoboa duara."

"Basi nani alilivuta?"

Msasa alifikiri. Asubuhi ya tukio, bolti za kiungo hiki hazikuonekana, na polisi wa zamu aliandika kwamba huenda ziliibwa kabla, zikauzwa kama chakavu. Kwa siku mbili alikuwa amefuatilia habari hiyo: wauza vyuma, walinzi, mitaro. "Bolti yenyewe," alisema polepole. "Bolti ilikuwepo, ikawa inasukuma ukingo wa tundu. Hakuna aliyeiba kabla; zilichomoka siku ile faiba ilipopasuka."

"Na haikusukuma siku moja. Yai la namna hii linataka maelfu ya hatua za watu. Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea, hata wenye vyeti vilivyowekwa kwenye fremu." Alikaa kwenye stuli. "Ukiunganisha faiba kwa gundi na bolti pamoja, watu hudhani kila mmoja anabeba nusu. Sivyo. Gundi ngumu kama hii haisogei hata upana wa unywele. Bolti imekaa ndani ya tundu lenye nafasi kidogo pembeni. Mpaka kitu kisogee, bolti haibebi chochote. Ni mchezaji wa akiba, yuko benchi. Gundi ikiumia ndipo anaingia uwanjani."

"Na akiingia?"

"Anaokoa mechi, lakini hachezi msimu mzima. Atashika siku kadhaa, huku anatafuna faiba taratibu mpaka ipasuke. Ndiyo maana tunamweka: akupe muda wa kusikia kilio na kufunga njia."

Msasa alikumbuka maneno ya muuguzi mmoja, ambayo aliyaandika bila kuyapa uzito. *Kile kidaraja kilikuwa kinalia tangu siku ya pili. Tuliambiwa ni upya.*

"Kwa hiyo gundi haikuachia siku ya ajali," alisema.

"Ilikufa zamani. Lini, sijui. Hapo mimi ndipo ninapoishia na wewe unapoanza." Mwalimu alikigeuza kipande cha kulia. "Ila kuna kitu hiki. Uso wa ufa, ndani kabisa, vidole vitatu kutoka ukingoni. Unaona nini?"

Msasa aliona doa jembamba lenye matawi, kama mzizi wa nyasi. Lilikuwa jeupe.

"Vumbi?"

"Kwangua."

Alikwangua kwa kisu kidogo. Kilichotoka kilikuwa utando laini uliojikunja. Msasa alinyanyua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kesi hii uso wake ulikunjuka.

"Rangi!"

"Rangi ya mkono wa kwanza. Huwa nyepesi kama maji, inanyonywa na ufa wowote inaoukuta. Lakini ni lazima iukute."

Msasa alikuwa tayari amefungua kijitabu chake. Kiungo cha saba kilipakwa gundi Jumatatu. Wapaka rangi walifika Ijumaa. Ikiwa rangi ilizama ndani ya ufa, ufa ulikuwepo Ijumaa. Gundi haikuwa na ufa Jumatatu jioni, kwa sababu fomu ya ukaguzi ya Jumatatu jioni ilisema "safi", na chini yake palikuwa na sahihi ya Mhandisi mwenyewe.

"Kati ya Jumatatu na Ijumaa," alisema, "mtu alikivunja."

"Kwa nguvu," Mwalimu aliongeza, akimwonyesha pete nne zilizobonyea kwenye faiba, pale washa, vile vibati vya duara vya chini ya bolti, zilipokaa. "Angalia zilivyodidimia. Mkono wa binadamu haufanyi hivi."

* * *

Mama Gundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa kanga mbili na viatu visivyo na kamba. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa kemikali. Alikaa, akamtazama Msasa bila kupepesa.

"Umekuja kuniuliza tena kama nilipima?"

"Nimekuja kukuuliza kuhusu reli ya mkono."

Hilo hakulitarajia. Aliegemea nyuma. "Reli imefanya nini?"

"Sijui. Ninajua kwamba kuna mtu alikikaza kiungo cha saba kupita kiasi baada ya wewe kuondoka. Mtu hakazi bolti kwa kujifurahisha. Alitaka kunyoosha kitu. Na reli imefungwa juu ya kiungo hicho. Ilikuwa imepinda?"

Mama Gundi akacheka, kicheko kikavu cha mtu aliyegundua kuwa hakuwa mwehu. "Reli ilikaa nje kwa upana wa kidole. Ukuta wa jengo lao ndio haukunyooka, si daraja. Nilimwambia Mhandisi, usijali, gundi ikikauka tutaweka vipande vyembamba chini ya miguu ya reli, italingana. Siku saba. Akasema wageni wa uzinduzi wanakuja Jumatatu, siku saba hana. Nikamwambia, bosi, gundi haina habari na wageni."

"Akasema nini?"

"Akasema niende nyumbani nikapumzike mpaka aniite. Nikaenda. Siku hizo mama mkwe wangu alikuwa anaumwa, nikaona hata ni heri." Aliangalia mikono yake. "Inspekta, viungo kumi na viwili vya kidaraja kile nilivipaka mimi, na kumi na viwili vya kidaraja cha pili, cha wodi ya wazazi. Wiki ileile, ndoo zilezile. Kama sijui kuchanganya, kwa nini cha pili hakilii?"

Msasa aliacha kuandika. Kidaraja cha pili hakikuwa kimefunguliwa bado. Kilikuwa pale, kimekamilika, kimefungwa kwa utepe, na hakuna aliyekigusa tangu kipakwe rangi.

Mlango uligongwa. Sajini wake, dada mwenye mwendo wa haraka na maneno machache, alichungulia. "Afande. Mhandisi ameleta winchi hospitali. Anasema anabomoa kidaraja cha pili kwa usalama wa umma."

"Lini?"

"Sasa."

* * *

Walifika wakati mnyororo unafungwa. Mhandisi alisimama chini na kofia yake nyeupe, mtu mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba maji.

"Teremsha mnyororo," Msasa alimwambia mwendesha winchi.

"Inspekta, mikono iliyotengeneza kile ndiyo iliyotengeneza hiki," Mhandisi alisema. "Kamba hukatikia pabovu, na pabovu tunapajua. Unataka mama mjamzito aanguke ndio uridhike?"

"Kamba hukatikia pabovu, ni kweli. Mimi natafuta aliyepafanya pawe pabovu." Msasa alifunga utepe wa polisi kwenye nguzo kwa mkono wake mwenyewe. "Hiki ni kielelezo. Atakayekigusa atalala alipolala Mama Gundi. Pale mbu hawana ubaguzi."

Winchi ikashusha mnyororo. Mhandisi alitabasamu, lakini Sajini aliona kwamba alitazama upande mmoja tu: upande wa stoo.

Kwa hiyo walikwenda stoo.

Mtunza stoo alikuwa mzee mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Nyuma yake vitu vilipanda mpaka darini: mabomba, makopo matupu, milango ya makabati yasiyokuwepo tena.

"Shikamoo mzee. Daftari la vifaa vya kuazima, tafadhali."

"Marahaba. Hili hapa. Liko sawa kabisa."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama liko sawa. Msasa aligeuza kurasa. Zilikuwa chafu kwa vidole vya grisi, kalamu za kila rangi, duara za vikombe vya chai. Halafu akafika kwenye ukurasa mmoja uliokuwa safi kama shuka la hoteli. Wiki tatu nzima, kalamu moja, mwandiko mmoja, bila tone la chai.

"Mzee, wiki hizi tatu ulikuwa umefunga?"

"Kufunga?"

"Hukunywa chai kabisa."

Sajini aligeuka kutazama ukutani ili asicheke. Mtunza stoo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nina wajukuu wanne, mwanangu."

"Na yule mhudumu ana watatu, wa kuwazaa mwenyewe. Daktari anasema atatembea mwakani, Mungu akipenda. Nani aliazima spana ya umeme wiki ile gundi ilipopakwa?"

Mahali fulani nyuma ya makopo, kitu kilidondoka peke yake.

"Alikuja mwenyewe Jumatano," mzee alisema hatimaye. "Mhandisi. Akaweka sahihi, akairudisha Alhamisi. Siku ya ajali akaja tena, akaniambia niandike ukurasa upya, huo wa zamani niuchane."

"Ukauchana."

"Nikauchana."

"Ukautupa?" Sajini aliuliza.

Mzee alimtazama kama aliyetukanwa. "Dada, angalia nyuma yangu. Mimi ni mtu wa stoo. Nimewahi kutupa nini?"

Aliingia katikati ya mabomba, akatoka na bahasha.

* * *

Kesho yake saa nne asubuhi, jalada halikwenda mahakamani. Badala yake, watu wote walikuja chini ya kidaraja cha pili: Mkurugenzi wa hospitali, mwendesha mashtaka, Mhandisi, wauguzi wa zamu, na Mama Gundi kati ya askari wawili. Ni Mwalimu aliyepanga kila kitu. Chini ya kidaraja aliweka nguzo za chuma, zikiacha nafasi ya kiganja tu, ili kikianguka kisianguke mbali. Katikati alifunga saa ya kupima kidaraja kitabonyea kiasi gani, yenye sindano ndefu nyekundu. Juu ya kidaraja yalipangwa mapipa kumi na mawili matupu, na mpira wa maji ukafunguliwa.

"Kila pipa likijaa ni kilo mia mbili," Mwalimu aliwaeleza. "Yote ni mara mbili ya uzito ambao watu wataweza kuujaza hapa wakibanana kama dagaa."

Maji yalipanda. Sindano ilitambaa: milimita moja, mbili, tatu. Ilipofika nne ikasimama. Pipa la mwisho likafurika, mpira ukafungwa. Watu walisikiliza. Hakikulia.

"Inathibitisha nini?" Mhandisi alisema. "Bolti ni imara. Bolti nilizinunua mimi. Bolti ndizo zinazobeba. Gundi ni ya kuziba maji tu. Mtu yeyote wa fani anajua."

Msasa alikuwa anaisubiri sentensi hiyo tangu jana. Lakini kabla hajafungua mdomo, Mama Gundi alisogea mbele, askari wakamwacha.

"Toeni bolti," alisema.

"Nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Bolti zote. Viungo vyote kumi na viwili. Mapipa yabaki hapohapo yalivyojaa. Kama gundi yangu ni ya kuziba maji, tutaona."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mabati. Mhandisi alipiga hatua mbele. "Msithubutu! Bila bolti kitaanguka!"

"Nguzo zipo," Mwalimu alisema kwa utulivu. "Kitaanguka kiganja kimoja. Sajini, mpe spana."

Mama Gundi alipanda ngazi mwenyewe. Alilegeza bolti ya kwanza, akaichomoa, akaidondosha kwenye ndoo. *Kong*. Ya pili. *Kong*. Kiungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kila bolti ilipodondoka macho yote yaliruka kwenye sindano, na sindano ilikaa kwenye nne kana kwamba imechorwa. Muuguzi mmoja alianza kuhesabu kwa sauti, wengine wakamfuata. Walipofika arobaini na nane ndoo ilikuwa imejaa, ngazi ilikuwa tupu, na juu yao karibu tani mbili na nusu za maji zilikaa angani, zikishikwa na gundi peke yake.

Sindano: nne.

Vigelegele vikalipuka, mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani kuuliza nani amejifungua.

Msasa hakupiga kelele. Alikwenda kusimama karibu na Mhandisi, akaongea kwa sauti ya kawaida, na waliokuwa karibu wakanyamaza ili wasikie.

"Jumatano ile reli ilikuwa nje kwa upana wa kidole. Ukachukua spana ya umeme ukaivuta. Gundi ilikuwa imeshakuwa ngumu ila haijakomaa, ikapasuka. Ulisikia?"

Mhandisi alivua kofia yake nyeupe, akaiweka juu ya pipa la vifaa.

"Ijumaa rangi ikapakwa, ikaingia ndani ya ufa. Tunayo. Pete za washa zilizobonyea tunazo. Jumatatu kidaraja kikafunguliwa, kesho yake kikaanza kulia, wauguzi wakakuambia mara mbili, ukawajibu ni upya. Ajali ilipotokea ukaandika kurasa sita dhidi ya mtu ambaye hakuwepo. Na huu hapa ukurasa wa saba." Alimwonyesha karatasi yenye duara la chai na sahihi yake. "Nauliza tena. Ulisikia?"

Mhandisi aliinua macho kwenye kidaraja. Aliyatazama matundu matupu arobaini na nane kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa zamani na hakuifungua.

"Ilisema *ka*," alijibu. Sauti ya kuhutubia haikuwepo tena. "Mara moja tu. Nilidhani bolti zingetosha."

"Ungeuliza."

"Ningemuuliza yeye?"

"Ndiyo," Msasa alisema. "Yeye."

Sajini alimshika mkono Mhandisi, akampeleka kwenye gari. Kofia nyeupe ilibaki juu ya pipa la vifaa, na hakuna aliyemkimbilia nayo.

Mwendesha mashtaka alifungua jalada juu ya boneti, akaandika mstari mmoja, akapiga sahihi, akampa Mama Gundi mkono. Mkurugenzi akaja nyuma yake, amevua miwani. Alianza kusema kuhusu barua ya kuomba radhi, itakayosomwa mbele ya wafanyakazi wote, na kidaraja cha kwanza kitajengwa upya, na kama Mama Gundi angekubali kukisimamia yeye mwenyewe, kuanzia kiungo cha kwanza hadi cha mwisho.

"Nitakubali," alisema. "Siku saba za kukauka. Hata akija rais."

"Siku saba," Mkurugenzi alisema.

"Na nitaongea na mhudumu mwenyewe, leo, kabla hajasikia kwa watu."

"Nitakupeleka mimi," Msasa alisema.

"Subiri kidogo basi." Maji yalikuwa yanamwagwa sasa, yakikimbia kwenye mtaro, na sindano ilirudi taratibu, tatu, mbili, moja, mpaka ikagota kwenye sifuri. Mama Gundi alijifunga kanga upya kiunoni, akachukua ndoo ya bolti kwa mkono mmoja na spana ya kipimo kwa mwingine, akapanda. Bolti ya kwanza aliizungusha kwa vidole mpaka ikakaa, kisha akaikaza polepole, shavu lake karibu na faiba, akisikiliza. Kipimo kilipofika, spana ikalia *ta*. Angeweza kuongeza, mikono yake ilikuwa na nguvu na siku tano za hasira.

"Imetosha," alisema, akachukua ya pili.